Shukrani kwa bibi wa Mkomani

Bibi yetu wa Mkomani, Lamu, uliyekataa jina lako litajwe: ahsante kwa asubuhi nzima ya kutueleza jinsi mambo ya nyumbani yalivyofanywa zamani, kuanzia kupima nafaka hadi kukamua nazi.

Sasa tunajua kwa nini mnunuzi wa nafaka hakubandua macho kwenye mkono wa muuzaji. Pishi, kipimo cha zamani cha nafaka, ni vibaba 4, lakini kibaba cha mfuto hukatwa sawa na ukingo, cha tele huachwa na kilima. Aliyelipa bei ya tele akapimiwa mfuto amepunjwa, na wauzaji walilijua hilo!

La nazi ndilo lililotufaa zaidi. Nazi iliyokunwa itiwe maji vuguvugu kidogo, ikamuliwe kwa kifumbu, yaani kifuko kilichosukwa cha kuchujia tui, tui zito liwekwe kando. Tui la pili na la tatu ndilo la kupikia kunde. Zito huingia mwisho, moto mdogo, huku ukikoroga, maana likichemka kwa nguvu hukatika. Kifumbu kioshwe papo hapo, kianikwe. Kikilala na mafuta huvunda, na tui la kesho litanuka. Vifuu ni kuni. Machicha hupewa kuku.

Mungu akuzidishie afya, bibi. Kifumbu ulichotupa kiko juani.