Pampu na bloku ya kupozea prosesa kwa maji: angalia haya kabla hujalipa

Mteja anayetaka kupoza prosesa ya kompyuta kwa maji karibu kila mara huanza na swali moja: "Kaka, hii pampu inasukuma lita ngapi?" Lita zinazoandikwa kwenye boksi zimepimwa pampu ikiwa haijafungwa kitu. Ukishaiunganisha na bloku (kipande kinachokaa juu ya prosesa, maji yakipita ndani yake), rejeta (inayopoza maji hayo kwa hewa) na mipira yenye kona, zinashuka sana. Pampu ya aina ya D5, ambayo mafundi wengi wanaiamini, huandikwa karibu lita 1,500 kwa saa. Kwenye kompyuta iliyokamilika, ukipata 240 inatosha kabisa.

Inatosha kwa sababu prosesa inayotoa joto la wati 200, ikipitiwa na lita 4 kwa dakika, hupasha maji yale kwa chini ya nyuzi moja tu. Ukiongeza mwendo wa maji mara mbili unachopata ni kidogo mno, na kelele unaziongeza. Kwa hiyo soma namba ya pili, ile ya mita, inayoonyesha pampu inaweza kupandisha maji hadi kimo gani. Hiyo ndiyo nguvu ya kupenya vijifereji vyembamba vya bloku. D5 inafika karibu mita 4. DDC, aina nyingine ya pampu, ni ndogo na inasukuma kwa nguvu zaidi, ila yenyewe hupata moto, hivyo isibanwe pasipo na hewa.

Tunaomba sana msifunge pampu za matangi ya samaki za umeme wa ukutani. Ni za bei nafuu, tunaelewa, lakini fikiria umeme ukikatika: kompyuta iko kwenye UPS (betri ya akiba) inaendelea kufanya kazi, pampu imesimama, na maji yaliyo ndani ya bloku yanazidi kupata moto. Chukua ya volti 12 inayokula umeme kwenye pawasaplai ya kompyuta yenyewe, ziwake pamoja na kuzimika pamoja.

Kwenye bloku, cha kwanza ni soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). LGA1700 ya Intel na AM5 ya AMD hazitumii vishikio sawa, na bloku isiyokandamiza prosesa sawasawa haipozi hata ungeinunua kwa bei gani. Cha pili ni madini. Bloku nzuri ina kitako cha shaba, tupu au iliyopakwa nikeli, basi na rejeta yako iwe ya shaba au shaba nyeupe. Ukichanganya shaba na alumini kwenye maji yale yale, alumini italika, na uchafu wake utaziba vile vijifereji.

Maji nayo yana habari yake hapa Dar. Ya kisima yana chumvi, na ya bomba huacha ukoko mweupe, kama ule mnaouona kwenye birika. Tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Ukienda kuyanunua kama maji ya betri, soma kibandiko vizuri, kwa maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana.

Maji hayawezi kuwa ya baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta. Chumba kisicho na AC mwezi wa Februari kinaweza kuwa na nyuzi 32, hapo hata pampu kubwa haikusaidii. Bajeti ikibana, sisi tunashauri pampu ya kawaida na rejeta kubwa zaidi.

Pampu isiwashwe kavu hata kwa sekunde chache, kwa kuwa maji ndiyo yanayolainisha kinachozunguka ndani yake. Ikae chini ya tenki la maji hayo. Siku ya kwanza tunaiwasha peke yake, kompyuta imezimwa, tishu zimetandazwa chini ya kila kiungo. Tishu ikilowa hata doa moja, tunafungua na kufunga upya.

Ukija dukani, njoo na jina kamili la prosesa na la mazabodi, na upime nafasi iliyopo ndani ya kesi kwa milimita.