Bolti Ikigoma, Tuletee Ikiwa Bado Ina Kichwa

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja, mtu anayefufua malori ya zamani kila anapopata mapumziko, alituletea karakanani hedi ya injini ya dizeli, yaani kifuniko cha juu cha injini chenye valvu. Kazi kubwa alikuwa ameshaimaliza, na ameifanya vizuri: hedi imeoshwa, uso umenyooshwa, valvu zimekaa. Kilichomshinda ni tundu moja, la mwisho kabisa katika mstari wa bolti za manifoldi ya eksozi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini. Bolti ilikuwa imekatikia ndani, chini kidogo ya uso wa hedi. Katikati yake palikuwa na kishimo kilichotobolewa kwa drili ya mkono, kimekwenda upande, na ndani ya kishimo kinameremeta kipande cha ekstrakta, kifaa cha kung'olea bolti iliyokatika, kilichovunjikia humo humo.

Bolti ile peke yake ingetuchukua chini ya nusu saa. Kipande cha ekstrakta kilitula siku nzima. Ekstrakta hutengenezwa kwa chuma kilichotiwa ugumu, kwa hiyo drili ya kawaida haikiingii. Inateleza na kuanza kula hedi pembeni. Ilibidi tuifunge hedi kwenye mashine ya milingi, inayokata chuma kwa kikatio kinachozunguka, na kukila kipande kile kidogo kidogo kwa kikatio cha kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma. Hedi imepona. Lakini hadithi hii inatujia mara nyingi, na karibu kila mara ingeweza kuishia mapema zaidi, pale bolti ilipokuwa bado na kichwa.

Kinachoifunga bolti ni nafasi. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, na kati ya meno ya bolti na meno ya tundu kuna upenyo mwembamba kama unywele. Kutu ikishaujaza, inaanza kusukuma pande zote mbili. Bolti ya chuma ndani ya alumini ina tatizo lake jingine: metali hizo mbili zikikutana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, ikiacha unga mweupe unaobana kama saruji. Kwenye eksozi ongeza joto. Manifoldi ya chuma cha kusubu yenye urefu wa mita moja ikipanda nyuzijoto 400 hurefuka zaidi ya milimita 4, hali hedi iliyopozwa na maji hairefuki kiasi hicho. Miaka yote bolti za mwishoni huvutwa huku na huku kuliko za katikati, ndiyo maana mara nyingi ndizo zinazokatika.

Sasa jambo ambalo natamani kila mtu mwenye spana alijue kwa mkono wake. Bolti inayokubali kufunguka husema: unasikia "ka!", nguvu inapungua ghafla, kisha inazunguka. Bolti inayotaka kukatika haisemi kitu. Spana inasogea, unafurahi, lakini mkono unahisi ulaini fulani, kama unapinda mpira, na nguvu unayotumia haipungui hata spana ikisogea. Hapo bolti haizunguki, inajisokota. Kichwa kimehama, mkia uko palepale. Ukihisi ulaini huo, acha. Usiongeze bomba kwenye mpini wa spana. Irudishe ulikotoka, yaani kaza kidogo, kisha legeza kidogo, huku na huku, ukitia mafuta ya kupenya kila mara. Robo ya mzunguko kwa dakika kumi ni ushindi.

Kabla ya hapo yapo mengi unayoweza kufanya nyumbani. Sugua meno yanayoonekana kwa brashi ya waya. Tia mafuta ya kupenya na uyape usiku mzima, siyo dakika tano. Tumia soketi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili hula kichwa cha bolti kilichochakaa. Piga kichwa kwa nyundo, moja kwa moja kuelekea ndani, mapigo mafupi yenye uzito, maana mtikiso ndio unaopasua kutu. Na hakikisha unazungusha upande sahihi: baadhi ya malori ya zamani yana nati za magurudumu ya kushoto zenye meno ya kinyume, na grinda ya mezani pia, upande wa kushoto. Nimeshapokea ekseli zenye bolti za gurudumu zilizokatwa na mtu mwenye nguvu nyingi aliyekuwa anakaza akidhani anafungua.

Moto unasaidia kuliko kitu kingine chochote, ila ulenge nati au chuma kinachoizunguka bolti, siyo bolti yenyewe. Unataka tundu litanuke. Likiwa bado moto, gusisha mshumaa kwenye ungio na nta itanyonywa hadi ndani. Usiwashe moto karibu na paipu za mafuta, shokomzoba au matairi. Bolti ngumu, zile zenye namba 10.9 kichwani, zikishaiva nyekundu zimepoteza ugumu wake na hazifai kurudishwa.

Ikishakatika, sisi huanza na kuchomelea. Tunaweka nati juu ya kisiki cha bolti, yaani kipande kilichobaki tunduni, na kuijaza kwa kuchomelea kupitia tundu lake. Joto linavunja kutu, na kisiki kikipoa kinasinyaa kidogo; mara nyingi kinatoka kwa spana bila ubishi. Hata kisiki kilichozama kidogo tunaweza kukipandisha kwa matone ya kuchomelea hadi kifike juu. Tukishindwa ndipo tunatoboa, na tunatoboa kwenye mashine, katikati kabisa. Bolti ya milimita 10 yenye hatua ya 1.5, yaani milimita 1.5 kutoka jino hadi jino, inataka drili ya milimita 8.5, na ukikosea katikati kwa milimita moja tu umeshayala meno ya upande mmoja.

Ndiyo sababu siipendi ekstrakta kwa bolti iliyoganda. Fikiria: bolti nene ya milimita 10 imekatika badala ya kuzunguka. Kifaa chembamba cha milimita 5 kilichochomekwa ndani yake kitaizungushaje? Tena ekstrakta nyingi zina umbo la kabari, kwa hiyo kadiri unavyokaza ndivyo zinavyotanua kisiki na kukibana zaidi tunduni. Zinafaa kwa bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi, ambayo haijashikwa na kutu.

Meno ya tundu yakiwa yamekwisha, tunapanua tundu, tunakata meno mapya na kuingiza koili ya chuma cha pua yenye meno ya ukubwa ule ule wa zamani. Wateja huiona kama kiraka. Siyo kiraka: ndani ya alumini, koili hiyo huhimili kukazwa na kufunguliwa mara nyingi kuliko meno ya awali.

Wakati wa kurudisha, paka grisi ya shaba ya kuzuia kuganda, hasa kwenye eksozi, lakini punguza nguvu ya kukaza. Meno makavu hula sehemu kubwa ya nguvu ya spana. Takriban asilimia 10 tu ndiyo inayovuta bolti. Ukilainisha meno na kukaza kwa kipimo kile kile cha makavu, bolti inavutika kupita kiasi.

Ukituletea kazi ya aina hii, njoo na kipande kilichokatika, hata kama ni kichwa tu, maana alama zilizo juu yake zinatuonyesha daraja la bolti. Usiendelee kutoboa ukiwa njiani kukata tamaa; kishimo kilichokwenda upande kinatugharimu muda kuliko kisiki kizima. Na tuambie ulichopulizia. Baadhi ya visafishio vya breki vina klorini, na vikipata moto wa kuchomelea hutoa fosijini, gesi inayoua. Tukijua, tunaosha na kukausha kwanza.