Mteja akiandika "ng'ombe", tovuti yako inasoma nini?

Mwenye duka moja la dawa na vifaa vya mifugo alitupigia simu akiwa amechoka kabisa. "Nina dawa za ng'ombe rafu nzima, lakini nikitafuta ng'ombe kwenye tovuti yangu naambiwa hakuna bidhaa." Akaandika mbuzi, zikaja. Kuku, zikaja. Nguruwe, hata sungura, zikaja. Aliyekosekana ni ng'ombe peke yake, na dukani pale ng'ombe ndiye anayelipa kodi ya pango.

Tatizo lilikuwa kwenye ritifaa, kile kialama cha juu baada ya "ng". Sisi tunakihitaji kila siku: ng'ambo, king'amuzi, vitunguu vya Mang'ola, mteja wa Murang'a. Mafundi wengi hujaribu kisanduku cha kutafutia kwa maneno kama "viatu" na "simu", wakiona yanafanya kazi wanakabidhi.

Maduka mengi ya mtandaoni huhifadhi bidhaa kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa, inayoulizwa kwa lugha ya SQL. Katika lugha hiyo, maandishi hufungwa kati ya ritifaa mbili. Fundi akichukua alichoandika mteja na kukiunga hivyohivyo kwenye swali, kanzidata inapokea hiki (LIKE maana yake "linalofanana na"):

WHERE jina LIKE '%ng'ombe%'

Wewe unasoma ng'ombe. Kanzidata inaona maandishi yameanza, yamefika "ng", yamefungwa. Kinachobaki, ombe%', inadhani ni amri, na amri ya namna hiyo haiijui. Hapo unapata ukurasa mweupe au kosa 500, yaani seva imekwama. Wapo mafundi wanaolificha kosa hilo nyuma ya maneno "hakuna bidhaa", na hao ndio wananikera zaidi, kwa sababu mteja anaamini mzigo huna na anahamia kwa jirani.

Tena hasara si ya mauzo tu. Ikiwa herufi za mteja zinageuka amri kwa bahati mbaya, mwizi anaweza kuzigeuza kwa makusudi, akasoma namba za simu za wateja wako au akafuta bei zote. Mbinu hiyo inajulikana tangu 1998. Tiba yake ni kuandika swali likiwa na nafasi wazi, kisha maneno ya mteja yanapelekwa pembeni kama data tupu ambayo haiwezi kuwa amri hata iweje. Fundi akikuambia uwaombe wateja wasiweke ritifaa, tafuta fundi mwingine.

Hilo tulilimaliza asubuhi moja. Tukaandika ng'ombe. Bado hakuna bidhaa!

Tukafungua kanzidata yenyewe kuangalia majina yalivyohifadhiwa. Bidhaa moja ilikuwa "Brashi ya ng'ombe". Kivinjari kikikutana na ' kinachora ritifaa, kwa hiyo kwenye ukurasa jina lilionekana sawasawa, lakini ndani hapakuwa na ritifaa hata moja. Mtu aligeuza alama wakati wa kuhifadhi badala ya wakati wa kuonyesha. Bidhaa nyingine, zilizonakiliwa kutoka orodha ya bei iliyochapwa kwenye Word, zilikuwa na ng’ombe, yenye ritifaa iliyopinda. Kwa jicho ni ileile. Kwa kompyuta iliyonyooka ni namba 39 na iliyopinda ni 8217, na hazina undugu. iPhone nazo, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, hupindisha ritifaa zenyewe unapoandika. Kwa hiyo mwenye iPhone na mwenye Android wanaweza kuandika neno lilelile, mmoja akapata dawa na mwingine akaambiwa haipo.

Tulisafisha majina, halafu tukaongeza safu ya pili ambayo mteja haioni, yenye jina la bidhaa kwa herufi ndogo bila ritifaa ya aina yoyote: "brashi ya ngombe". Anachoandika mteja nacho kinanyolewa vivyo hivyo kabla ya kulinganishwa. Jina linaloonekana linabaki na Kiswahili chake sanifu.

Duka hilohilo lilikuwa na dawa ya minyoo, Albendazole 10%. Alama ya asilimia katika LIKE maana yake ni "chochote kile", na kwenye anwani ya ukurasa ndiyo inayoanzisha msimbo wa herufi nyingine, kwa hiyo lazima ishughulikiwe sehemu zote mbili. Alama ya + kwenye anwani husomwa kama nafasi, # inakata kila kinachoifuata. Na ukiona kosa 403 (umekataliwa kuingia) badala ya 500, mara nyingi tovuti haina kosa: ni ulinzi wa kampuni inayokuhifadhia tovuti umeiona ritifaa ukashtuka, na wao ndio wa kuulegeza.

Unaweza kujipima sasa hivi. Kwenye kisanduku cha tovuti yako andika ritifaa moja tu, halafu jina la bidhaa yenye ng', halafu jina hilo bila ritifaa. Fanya hivyo kwenye tovuti yako tu. Ya mwenzio iache, Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015 na Kenya ina yake tangu 2018.

Ukitaka tukuangalizie, tutumie WhatsApp picha ya skrini, aina ya simu, na neno lenyewe ulilotafuta. Linakili na kulibandika, usiliandike upya, maana ukiliandika upya simu inaweza kubadilisha ritifaa na ushahidi ukapotea.

Mwenye duka alipofungua kumbukumbu ya utafutaji wiki iliyofuata, alikuta wateja wameandika ngombe, NG`OMBE, n'gombe na ngo'mbe. Wote walipata brashi.