Baraka, lile kasha lisichomwe

Chicago, Jumapili usiku

Kwako Baraka,

Assalaam aleikum. Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Umeona? Sijasahau mtindo wa zile barua tulizokuwa tukiwaandikia kina mama wa mtaani kwa shilingi mia. Unisamehe kwa kimya cha tangu Idi. Ningekudanganya kuwa simu ilizama kwenye theluji, lakini wewe unanijua, ni uvivu.

Kilichoniamsha ni Mwantumu. Kaniambia mjomba anataka kusafisha chumba cha babu apangishe, na “makaratasi ya Kiarabu” yaliyomo kwenye kasha lake yatatiwa kiberiti. Si ya Kiarabu! Ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nimemwambia tangu tukiwa wadogo. Ngoja nikueleze kwa nini nimeshtuka hivi, usije ukasema Marekani imenichezea kichwa.

Hapa nasoma ukutubi, na muhula huu tuko na barua za Wacherokee za karne ya 19. Hao ni wenyeji wa milima ya Georgia, Tennessee na North Carolina waliofukuzwa kwa mtutu wa bunduki mwaka 1838 na kupelekwa ng’ambo ya mto Mississippi. Walihamishwa watu kama 16,000, na inakadiriwa 4,000 hawakusalimika. Nilitegemea vilio, na vipo. Chifu wao mkuu, John Ross, mwaka 1836 aliliandikia Bunge la Marekani kuukataa mkataba wa New Echota wa kuachia ardhi yao, uliotiwa saini na kikundi kidogo tu kisicho na idhini ya taifa. Waliopinga waliorodhesha majina zaidi ya 15,000. Seneti ikaupitisha hata hivyo, kwa kura moja ya ziada. Kura moja, Baraka.

Halafu kuna barua za wasichana wa shule ya misheni ya Brainerd za mwaka 1828, ziko hapa hapa Chicago, maktaba ya Newberry. Wanawaandikia wafadhili wa kaskazini kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Nikisoma namwona mwalimu kasimama nyuma ya kiti.

Zilizonikamata ni zile walizoandikiana wenyewe kwa wenyewe, kwa herufi zao. Sequoyah, sonara wa fedha asiyejua kusoma Kiingereza, alizikamilisha mwaka 1821. Karibu kila herufi ni silabi nzima: ma, me, mi, mo, mu, kama darasa la kwanza kwa mwalimu wa fimbo ya mpera! Zimebaki 85. Nikajaribu kuandika jina lako: ba hakuna, ra hakuna. Umebaki “ka”. Pole. Na inasimuliwa kwamba Wacherokee wa mashariki waliamini pale alipowaletea barua iliyofungwa kutoka kwa wenzao wa Arkansas waliotangulia kuhama, akaifungua na kuisoma mbele yao. Yaani maandishi yenyewe yaliingia kwao kwa mlango wa barua.

Sasa huyu Inoli. Mzee wa North Carolina, wale ambao hawakuhamishwa. Kiingereza hajui. Mjumbe wa baraza, mtunza kumbukumbu za mji, ofisa katika jeshi la Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mhubiri wa Kimethodisti, na papo hapo mganga! Makaratasi yake yamechanganyika hivyo hivyo: maneno ya tiba, kumbukumbu za baraza, barua za askari wa Kicherokee walioko vitani wakimweleza yanayowapata. Zimo pia habari za gadugi, ule utaratibu wao wa kulimiana mashamba, kuuguzana na kuzikana. Nilipofika hapo nikafunga kompyuta. Babu si alikuwa katibu wa chama cha kuzikana? Si ndiye aliyefundisha chuoni asubuhi na jioni akaandika makombe ya kutibu wagonjwa? Kasha lake litakuwa na nini kama si hayo hayo?

Inoli alipokufa, makaratasi yalibaki kwa familia. Yalipona kwa sababu James Mooney, mtafiti wa Smithsonian, taasisi ya utafiti na makumbusho ya Marekani, aliyeanza kwenda huko mwaka 1887, aliyaulizia na kuyachukua. Yalipona, lakini yako kwa watu. Kama zile barua za Kilwa za mwaka 1711, Kiswahili kitupu, na ukizitaka uende Goa, India. Mimi sitaki la babu liende Goa wala Chicago. Nataka lihame mtaa mmoja tu, lije kwako.

Kwa hiyo ninachoomba: pita kwa mjomba kabla ya Ijumaa, mwambie nitalipa kodi ya mwezi wa kwanza badala ya mpangaji. Usifungue yale mafurushi yaliyofungwa kwa kamba ya katani, yatavunjika kwenye mikunjo. Usiweke chini, mchwa wa Pangani unawajua.

Ufunguo bado unafichwa juu ya mlango, au Mwantumu kauchukua? Kasha mtalibeba wawili au kwa mkokoteni? Shehe Hamisi bado anaona vizuri, au macho yameshagoma? Yeye ndiye wa kutusomea. Na wewe, ile nyumba umeezeka? Mbona hukuniambia mtoto kaanza shule?

Wako,
Athumani

Nikikupigia kesho saa mbili usiku ya huko, utapokea?