Filimbi kwa watoto wa Mlingotini: tunaomba tena mkono wenu
Assalamu alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zetu mlioko hapa Bagamoyo na mlioko mbali.

Tunaona haya kurudi kwenu. Paa la darasa la pili mliliezeka nyinyi mwaka jana, na bati zake bado zinang'aa. Ila hili haliwezi kungoja.

Siku ya bamvua, maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida, watoto wetu sita walikwenda funguni, kule panapojitokeza baharini maji yakitoka, kutafuta pweza. Wakiwa wameinama, maji yakajaa nyuma yao na njia ikapotea. Walipiga kelele hadi sauti zikakauka. Mkubwa wao akawasha kitambaa kwa kiberiti ili moshi uonekane, akaungua kiganja. Mwenye ngalawa mmoja aliwaona kwa ushungi mwekundu aliokuwa akiupunga mdogo wao. Maji yalikuwa kiunoni. Miongoni mwetu wazazi, nani aliwahi kukaa na mwanawe akamfundisha kuomba msaada?

Mlezi wa skauti amekubali kuwafundisha bila malipo. Filimbi mara tatu, kutulia, kisha tatu tena. Mlio wake hufika pasipofika sauti ya mtoto. Kunyoosha mikono yote miwili ubavuni, kuipandisha na kuishusha taratibu, ishara ambayo mabaharia wanaitambua. Kumulika kwa kioo bila kulitazama jua wala kumlenga mtu machoni. Moto hawatawasha bila mtu mzima. Na filimbi ya dharura haichezewi, maana wakizoea kutudanganya, siku ya kweli hatutageuka. Watakariri pia 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji.

Filimbi 80 za plastiki, zisizoshika kutu, ni sh. 160,000. Vioo 20 visivyovunjika 60,000. Jaketi okozi 12 ni 540,000, na mashua ya kuwalinda siku mbili za mazoezi 140,000. Jumla 900,000. Tunazo 215,000, na kati ya hizo 60,000 zimetoka kwa akina mama wakaanga samaki, waliotoa kabla hatujamaliza kueleza. Wenye maduka na wenye magari, bado tunawatazamia.

Mchango apewe mweka hazina, au mzazi yeyote wa hapa aufikishe. Kila shilingi ina risiti, na majina yatabandikwa mlangoni mwa ofisi ya shule. Mwenyezi Mungu awazidishie.

Tunaomba tukamilishe kabla ya likizo ya mwezi wa sita. Shule ikifungwa, watoto hushinda funguni.

Kamati ya Wazazi na Walimu