Pesa yako iwe na miguu mizito

Mwanangu,

Hujambo? Muhula ukifunguliwa, matapeli nao hufungua kazi, maana wanajua wiki hiyo mna pesa ya HELB, ule mkopo wa masomo wa serikali, na ya kodi kwa pamoja. Ninachokuomba ni kimoja: pesa yako iwe na miguu mizito. Ikichelewa kutoka, akili yako itaiwahi mlangoni.

Tuanze na hesabu. Tuseme baada ya kodi umebaki na shilingi 20,400, na muhula ni wa wiki 16. Igawe kwa 17. Unapata 1,200 kwa wiki, na fungu moja la ziada la homa au kioo cha simu, mambo yasiyobisha hodi. Mafungu ya wiki 8 za mwisho, yaani 9,600, yafungie siku ileile kwa miezi 2 kwenye Lock Savings, akiba ya kufunga ya M-Shwari, ile akaunti iliyomo ndani ya M-Pesa. Ukitaka kuitoa kabla ya wakati utangoja saa 48, na hizo ndizo ninazozitaka mimi; hamu ya viatu vya soko la Gikomba huwa imepoa kufikia hapo. Iliyobaki ikae M-Shwari ya kawaida, na kila Jumatatu uvute 1,200 tu.

Kwa wakala wa M-Pesa, kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 ni shilingi 29. Ukitoa 200 mara tano umekatwa 145, ilhali 1,000 kwa mara moja ni 29 tu. Hiyo tofauti ni chapati na maharagwe kibandani. Dukani penye namba ya Till, ile ya kulipia kwa M-Pesa, lipa hapo, mteja hakatwi. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likipungua, iache kabisa. Ina ada, na pesa yoyote ikiingia hulipa deni kwanza: nikikutumia ya dawa, deni ndilo litakalokunywa dawa.

Sasa matapeli. Karibu wote hawaivunji simu yako, wanautumia mkono wako. Atapiga mtu akisema amekutumia 3,000 kwa makosa, na kweli meseji ipo. Usiisome meseji, soma salio: piga *334# uangalie mwenyewe. Mara nyingi hakuna kitu, meseji imetoka kwa namba ya kawaida na imeandikwa ifanane na ya M-Pesa. Kibaya zaidi ni pale pesa inapokuwa imeingia kweli. Ukimrudishia kwa mkono wako, naye akaomba muamala wake ubatilishwe, umelipa mara mbili. Mwambie apeleke meseji yake kwa 456, kisha usiiguse hiyo pesa. Nawe ukikosea namba, ni 456 hiyohiyo, palepale, kabla aliyepokea hajaitoa.

Anayejiita mhudumu wa Safaricom, tazama namba. Wao hupiga kwa 0722 000 000 pekee, na hawaulizi namba ya siri. Huyu mwingine atataka namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, vitu vinavyoonekana vidogo, lakini ndivyo anavyovitumia kuhamishia laini yako kwenye kadi yake. Piga *100*100# leo uizuie laini isibadilishwe ovyo. Mtandao ukipotea ghafla na wenzako wanao, azima simu upige huduma kwa wateja saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Simu ikinyakuliwa dirishani mwa matatu, mwizi huchomoa laini na kuitia kwenye simu nyingine ili apokee meseji zako. Kwa hiyo weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, mbali na ile ya kufungulia simu. Akikosea mara tatu itadai PUK, namba ya kuifungua laini iliyojifunga. Hiyo PUK iandike karatasini uiache nyumbani, usiipige picha ikae kwenye simu hiyohiyo.

Nyumba: ukiona bedsita, nyumba ya chumba kimoja, ya bei ya kushangaza Kahawa Wendani au Roysambu, na keateka, yaani mwangalizi wa nyumba, anataka pesa ya kuishikilia kabla hujaiona, achana naye. Ingia ndani, fungua mfereji, uliza jirani mwenye nyumba ni nani na kodi hulipwa wapi. Kazi inayodai ada ya usajili au ya sare si kazi. Zile za kubonyeza video hukulipa 300 kweli siku ya kwanza. Ni chambo cha 5,000 utakayoambiwa uweke wiki ijayo.

Rafiki akikuomba usajili laini kwa kitambulisho chako, au upokee pesa ya mtu kwenye simu yako "kwa dakika tu", kataa hata akinuna. Pesa ikiwa ya wizi, polisi wataanza na jina lililo kwenye laini. Piga *106# uone ni namba ngapi ziko kwa jina lako.

Na ikija meseji ya namba ngeni ikisema ni mimi, simu imeharibika, tuma haraka, muulize ni nani aliyempa paka wetu jina.

Kodi ya mwezi huu nimeshailipa kwa Paybill ya mwenye nyumba. Risiti nimekutumia kwa WhatsApp, mwonyeshe keateka.

Mamako