Majibu ya brashi yasipoonyesha saratani, familia zisiondoke

Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha endoskopi. Humsaidia daktari anapopitisha kamera mdomoni mwa mgonjwa hadi pale mrija wa nyongo unapomiminia kwenye utumbo, kisha huhakikisha sampuli inafika maabara. Naandika kwa sababu ya maneno ya majibu ya maabara ambayo familia huyasoma vibaya, nami huumia kila ninapoyaona yakisomwa hivyo: “Seli za saratani hazikuonekana.” Watu hukumbatiana, humshukuru Mungu, huenda zao. Wengine hurudi baada ya miezi, macho yamekuwa ya manjano tena, na uvimbe umefika mahali ambapo daktari wa upasuaji hawezi tena kuuondoa.

Maneno hayo hayamaanishi kwamba mgonjwa hana saratani. Yanahusu kile tu kilichochukuliwa siku ile. Mrija ukiwa umebanwa, mara nyingi tunaanza na brashi, kijiti chembamba chenye nywele ngumu kinachosuguliwa mahali palipobana. Brashi ikisema saratani ipo, karibu kila mara ni kweli. Ikisema haipo, tuwe waangalifu, kwa maana katika kila wagonjwa 10 wenye saratani kweli, yenyewe peke yake inaweza kuwakosa 5 au hata zaidi. Saratani ya mrija wa nyongo hupenda kuota ndani ya ukuta wa mrija, seli zake zikiwa zimetawanyika katikati ya kovu gumu, na brashi inagusa juu juu tu. Ni kukwangua ganda la mti huku funza yuko ndani kabisa.

Kuna koleo dogo la kukata kinyama. Nalo likitumika peke yake hukosa wengi, ila likiunganishwa na brashi katika kipimo kilekile, wanaogunduliwa huongezeka. Mgonjwa ameshalazwa usingizi na ameshabeba hatari ya kongosho kuvimba baada ya kipimo. Kwa nini achukuliwe sampuli ya aina moja tu? Penye kamera ndogo inayoingia ndani ya mrija wenyewe, daktari hukata kinyama huku akipaona mahali penyewe, na hilo ni bora zaidi. Mrija ukibanwa na uvimbe wa kichwa cha kongosho, sindano inayoongozwa na ultrasaundi ya ndani ndiyo hutoa majibu mazuri. Lakini mahali pakiwa ni pale mirija inapokutana kwenye mlango wa ini, sindano isiharakishwe. Inaweza kusambaza seli za saratani, na vipo vituo vya kupandikiza ini visivyompokea mgonjwa aliyekwisha kuchomwa hivyo.

Wala sisemi kila mrija uliobana ni saratani. Mawe hubana, kovu la upasuaji wa zamani hubana, na upo ugonjwa wa kinga uitwao IgG4 unaofanana sana na saratani lakini hutibiwa kwa dawa za steroidi. Wapo waliofanyiwa upasuaji mkubwa, kisha patholojia, yaani uchunguzi wa maabara wa kilichokatwa, ikakuta hapakuwa na saratani. Kipimo cha damu cha CA 19-9, kinachotafuta alama ya saratani, hakitatui mzozo huo, maana hupanda hata nyongo ikiziba tu.

Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa, ulizeni: sampuli ilichukuliwa kwa njia gani? Picha za CT au MRI zinaonyesha nini? Kama picha zinatia shaka na brashi haikuona kitu, nini kinafuata, na lini? Mkisikia neno “atipia”, yaani seli zisizo za kawaida, jueni kwamba mashaka bado yapo.

Na kwa wenzangu wa hospitalini: picha zipigwe kabla ya kuweka stenti, yaani kijibomba cha kuuacha mrija wazi, kila inapowezekana, na fomu ya maabara ijazwe kikamilifu. Nimeona fomu zilizoandikwa “brashi ya nyongo” tu, bila neno jingine. Stenti iliyokaa kwenye mrija huzichokoza seli zikaanza kufanana na za saratani, na anayeangalia kwenye hadubini hawezi kujua kwamba ilikuwamo asipoandikiwa.

Muuguzi wa endoskopi